Kisu Kirefu cha Bwana Chui

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula au mnanitania? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na jiwe.

— Likae!

Jiwe lilikuwa na ufa.

— Ukae!

Ndani ya ufa alikuwamo fundi.

— Mtoe tumwone!

Haya, namtoa. Fundi mwenyewe alikuwa Pimbi, kimo chake hakikuzidi sufuria ya wali, na kazi yake ilikuwa uhunzi. Alifua visu vya porini. Si vile vya kukunja vinavyomuuma mwenyewe vidole, la! Visu vya mpini, vya kuchuna, kuchonga na kupasulia kuni. Karakana yake ilikuwa mdomoni mwa ufa, na nyumba yake humo humo, nyuma ya tanuri. Humo waliishi yeye, Bi Pimbi na watoto saba. Jumla tisa, na hesabu hiyo ishikeni, maana kuna mwingine aliyekuwa ameishika.

Pimbi alikuwa na shida moja. Mivukuto yake ilikuwa imechakaa ngozi. Akivuta, fuu! Akisukuma, pssss! Upepo wote ukitokea pembeni, makaa yakabaki yanamtazama. Bila ngozi mpya hapana moto, na bila moto fundi ni mtu wa kukaa tu juu ya jiwe.

Siku moja akaja Chui.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, Bwana Chui. Karibu hapo hapo ulipo."

"Nataka kisu. Nina safari ya porini."

Pimbi akamtazama. Huyu kazaliwa porini, kakulia porini, hiyo safari ya porini inatokea wapi? Lakini mteja ni mteja.

"Ukinifulia kisu kitakachoniridhisha," akasema Chui, "nitakuletea ngozi ya mbuzi. Nzima, haina hata tundu."

Masikio ya Pimbi yakasimama. Akavuta mivukuto yake mibovu, akaimba wimbo wake wa kazi. Mwitikieni, msinyamaze kama mmekuja msibani:

*Nge nge nge, chuma lainika!*

— Nge nge nge, mteja ataridhika!

Akafua kisu cha urefu wa kiganja, mgongo mnene, makali ya kunyolea ndevu. Kabla hajakitia mpini akakishika kwa koleo, akakinyoosha mbele ya Chui.

"Tazama hapa nyuma, bwana. Chuma hiki kinaitwa msuka. Ndicho kinachoingia ndani ya mpini. Kwangu mimi msuka unakwenda hadi mwisho wa mpini, unene ule ule. Ukinunua kisu kwa fundi yeyote, uliza msuka kwanza. Mengine ni mapambo."

Chui akapiga mwayo, meno yote yakaonekana. "Ya ndani ya mpini ni yako, fundi. Mimi natazama ya nje."

Akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Mmh. Kizuri. Lakini kifupi."

"Kisu cha porini ndio urefu wake, Bwana Chui."

"Lakini kifupi."

Pimbi akarudi motoni. Fuu! Pssss! Nge nge nge! Siku ya pili akatoa kisu cha viganja viwili. Chui akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akafumba jicho moja.

"Mmh. Kizuri. Lakini kipana."

"Kikiwa chembamba kitapinda ukipasua kuni!"

"Nani kakwambia nitapasua kuni? Lakini kipana."

Siku ya tatu kikawa chembamba. Chui akasema ncha haikuchongoka. Siku ya nne ikachongoka. Akasema, mmh, kizuri, lakini mng'aro wake hauna uhai. Siku ya tano Pimbi alikisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikamtoa machozi. Chui akajitazama humo, akalamba sharubu zake, akasema amegundua kwamba bado ni kifupi.

Lahaula! Pimbi yalimfika shingoni. Lile neno "lakini" lilianza kumwasha hata usingizini, mke akimwambia chakula kizuri anasubiri "lakini" inayofuata. Tupa imekwisha meno, mkaa umekwisha, mkono wa kulia hauinuki, na ngozi ya mbuzi haijaonekana hata unyoya wake mmoja. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, naye Pimbi akajisemea kwamba mchagua kisu huyu huenda hata nyama hali.

Hapo alikosea, maskini.

Sasa, kila alipokuja, Chui alikuwa na kijiti chake kirefu. Akishakikataa kisu, alikichomeka kile kijiti ufani, eti anakipumzisha. Halafu akikitoa, alikitia alama kwa jino, akaenda zake. Pimbi, kwa hasira za kazi, hakukiona. Aliyekiona ni Bi Pimbi, kwa kuwa jioni ya siku ya tano kilimgusa kitinda mimba tumboni akiwa kitandani pake, ukutani kabisa mwa nyumba.

"Mume wangu," akasema Bi Pimbi, "huyo mteja wako anataka kisu cha urefu gani?"

"Kirefu! Kirefu! Kila siku kirefu! Usiniulize habari za mtu huyo."

"Na cha upana gani?"

"Chembamba!"

"Mkono wake unaingia humu?"

"Unaishia kwenye kiwiko. Alijaribu mwaka juzi, unakumbuka."

"Basi chukua kipimo upime ufa wetu."

Pimbi akapima upana wa ufa. Akapima urefu, kutoka kucha za Chui zilipoishia mwaka juzi hadi kitanda cha kitinda mimba. Kisha akachukua kisu cha siku hiyo, akakipima. Kilipungua kiganja kimoja tu. Akaketi juu ya fuawe, chuma chake cha kufulia.

Siku tano! Siku tano anatokwa jasho, anaunguza vidole, anajenga chombo cha kuchomea wanawe kama mishikaki! Na kwa mteja asiyejua kusema asante!

"Kesho namwambia aondoke," akasema Pimbi.

"Atakwenda kwa Nungunungu, ng'ambo ya mto," akasema mkewe. "Nungunungu ni fundi mzuri, na hana watoto ufani."

Kweli tupu. Nungunungu angemfulia, na angemtilia msuka hadi mwisho wa mpini, maana ni fundi mwaminifu. Pimbi akafikiri. Halafu akainuka, akatafuta kipande cha nta ya nyuki.

Siku ya sita Chui akafika. "Hodi, fundi! Kiko wapi?"

"Bwana Chui, leo nafua kile chenyewe. Kirefu, chembamba, ncha kali. Ila ngozi kwanza."

"Ngozi baada ya kisu."

"Mivukuto yangu inavuja. Moto dhaifu, kisu kifupi. Chagua mwenyewe."

Chui aliposikia kifupi, akaondoka mbio. Kabla jua halijawa la utosi alirudi na ngozi ya mbuzi, nzima, haina tundu. Pimbi akaitia kwenye mivukuto. Fuu! Fuu! Fuu! Moto ukanguruma kama mzee aliyeamshwa.

*Nge nge nge, chuma lainika!*

— Nge nge nge, mteja ataridhika!

Akafua ubapa wa kisu wa ajabu. Lakini ilipofika zamu ya msuka, mkono wake ulikataa. Tangu aanze ufundi hajapata kufua msuka mfupi, na babake hakupata, na babu yake hakupata. Akainua nyundo, akaishusha. Akaona haya mbele ya vyombo vyake mwenyewe. Mwishowe akafumba macho, akaukata msuka, ukabaki wa urefu wa ukucha. Akaushindilia kwa nta ndani ya mpini wa mpingo. Na mpini huo, jamani! Aliung'arisha ukawa mweusi ti, akauvika pete tatu za shaba, akauzungushia uzi mwekundu, akakishonea kisu ala yenye shada.

Chui akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akafumba jicho moja. Pimbi akaisubiri ile "lakini". Chui akajinyoa manyoya ya goti, yakatoka safi. Akaupapasa mpini, akahesabu pete, akacheka peke yake.

"Mmh," akasema. "Kizuri."

"Lakini?"

"Lakini nini? Kizuri! Hiki ndicho!"

"Hutaki kuuliza msuka?"

"Fundi, wewe na msuka wako mmenichosha."

Nani kamchosha nani! Pimbi akarudi ndani upesi. Akawaambia mke na watoto wajibanze pembeni mwa ufa, kila mtu tumbo ndani. Akasukuma gogo moja la mkuyu mpaka pale penye kitanda cha kitinda mimba. Hajamaliza hata kupangusa mikono, mlangoni pakawa giza.

Chui alikuwa ameingiza mkono hadi kiwiko. Mbele ya mkono, kisu.

"Fundi," akasema kwa sauti tamu, "nakijaribu kidogo tu."

Kisu kikaja. Kikampita Pimbi puani. Kikampita Bi Pimbi, kikawapita watoto, wote wamebana pumzi, na aliyekuwa na mafua kazibwa pua. Chwaa! Kikazama kwenye gogo.

"Nimempata mmoja!" Chui akapiga kelele. "Mnono huyu!"

Akavuta. Gogo halikuja. Akavuta tena, gogo halikuja. Akajikita jiweni kwa miguu ya nyuma, akavuta kwa nguvu zote za ulafi wake. Pwaa! Mpini ukatoka. Chui akaenda kinyumenyume, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka chini kwenye miiba, ameushikilia mpini wake kwa mikono miwili.

Pimbi akaking'oa kile kisu gogoni, akakigeuza, akakikaza kati ya mawe mawili, ncha ikielekea mlangoni. Kisha akaketi, akamsubiri mteja. Mteja huwa anarudi tu.

Akarudi, miiba mgongoni.

"Fundi! Kisu chako kibovu!"

"Kibovu vipi, Bwana Chui?"

"Mpini umetoka!"

"Pole sana. Lete kisu nikitengeneze."

"Kisu kimo humo ndani mwako!"

Pimbi akajishika kidevu. "Kimo humu? Na humu kimefikaje, bwana?"

Chui akautazama mpini, akalitazama jiwe. "Kiliniponyoka," akasema.

"Basi ingiza mkono ukichukue. Ncha iko hapo hapo mlangoni, hutaikosa."

Chui akaingiza ukucha mmoja. "Yallah!" Akautoa. Akakinyonya kidole chake muda mrefu, kisha akautia mpini ndani ya ala, akajifunga kiunoni, akaenda zake akitembea taratibu kama mwenye cheo.

Bi Pimbi alikatiwa visu vitatu vya jikoni kutoka kwenye kile chuma, na vyote vitatu msuka hadi mwisho wa mpini. Pimbi akaapa kwamba hatapokea mteja mwezi mzima. Akalala usingizi wa kwanza usio na "lakini".

Asubuhi, hodi! Ni Ngiri.

"Fundi, nataka kisu."

"Cha namna gani?" akauliza Pimbi.

"Kama cha Bwana Chui. Pori zima linakizungumza. Anapita na ala yake, mpini umechomoza, mweusi ti, pete tatu, na kila mnyama anampisha njia. Kisu kile, fundi! Kisu kile!"

"Umeyaona makali yake?"

"Sijayaona. Mpini ukiwa vile, makali yatakuwaje?"

Pimbi akashika kichwa. Akamwita Ngiri, akamwonyesha chuma, akaanza, "Tazama hapa nyuma, bwana. Hiki kinaitwa msuka..."

Ngiri akapiga mwayo.

Mnataka funzo? Najua mnataka, hamwezi kwenda nyumbani bila funzo. Haya. Wazee wametufundisha kwamba duniani kuna mshika mpini na mshika makali, na mwerevu ni yule anayeshika mpini. Basi, watoto wazuri, siku zote shikeni mpini. Aliyeshika makali ni mjinga. Anayebisha akamwulize Chui.

Kisa nimekirudisha alani.

— Kikae!

Nanyi rudini kwenu.

— Lakini...

Ebo! Nani kasema "lakini"?