Yule Aliyekuwa Wangu

Enyi mliokusanyika, tegeni masikio wala msiifanye mioyo yenu migumu. Zamani Shekue na Mwanakheri waliozwa bila kupendana; kila mmoja alimwita mwenzake "yule". Siku moja walipokwenda wote kuteka maji, zimwi lilimkamata Shekue kisimani.

"Asiye na mwenyewe ni chakula changu," likamwambia mkewe. "Ni wa nani?"

"Yule? Simjui."

Likammeza hadi magotini, likauliza tena.

"Yule ni wa mamaye."

"Mamaye hayupo hapa kumdai," likasema, likammeza hadi kifuani, likauliza mara ya tatu. Ndipo Shekue akamtaja mkewe jina kwa mara ya kwanza: "Mwanakheri, kimbia, lisikumeze nawe."

Mwanamke akasimama wima. "Huyu ni wangu. Mteme."

Likamtema, nao wakarudi mjini vichwa juu.

Nawe unayemwita wako "yule", tubu. Kapatane naye kabla jua halijachwa.