Mgeni Kwenye Meno ya Chewa

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa wakipigiana hodi, Uduvi aliishi chini ya gati. Alikuwa mdogo kama ukucha, na udadisi wake haukuwa na dawa. Kazi yake ilikuwa kumsafisha meno Bwana Chewa, mkubwa wa mtaa mzima.

Siku moja meli ngeni ikatia nanga. Uduvi akaenda kuichungulia kwa chini. Loo! Kome wa kijani wamejibandika tumboni mwa meli, aina asiyowahi kuiona!

"Hawa ni akina nani? Wanakula nini? Wanazaa wangapi?" akajiuliza. Akatundika kibao kitupu kwenye nguzo ya gati, aone nani atahamia.

Siku ya tatu, kome mmoja. Siku ya saba, kumi na wawili, wamejibandika ndi!

Na nguzo hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya shoga yake, Bi Chaza. Kome wakimfunika, atakosa pumzi afe. Uduvi akaogopa kwelikweli, akakimbilia kwa Chewa.

"Bwana mkubwa, wageni wanaongezeka! Tuwabandue sasa, wangali wachache."

Chewa akacheka, kwa kwa kwa! "Kumi na wawili tu? Tena hawana hata meno! Hapa kwetu mgeni haulizwi neno mpaka siku arobaini zipite. Wewe nisugue meno."

Uduvi akaenda akabandua kome mmoja kibaoni, akarudi naye, akampachika katikati ya magego ya Chewa.

"Mama yangu! Nini kinanichoma?"

"Mgeni, Bwana. Mmoja tu, wala hana meno."

"Mtoe!"

"Kabla ya siku arobaini? Aibu! Ila kule kibaoni, mmoja aligeuka kuwa kumi na wawili kwa siku nne."

Chewa akayahesabu magego yake kwa ulimi. Jasho likamtoka humo humo majini.

"Samaki wote gatini! Asibaki kome hata mmoja!"

Kwaru, kwaru! Wakakwangua nguzo zote na meli yenyewe, mpaka Bi Chaza akapumua.

Ndipo Uduvi akamng'oa yule wa kwenye meno. "Huyu nilimpachika mimi," akasema, bado amesimama juu ya ulimi.

Chewa akafumba mdomo. Giza! Uduvi akasikia moyo wake ukidunda, du, du, du.

Kisha, puu! Akatemwa nje.

"Mjanja mkubwa wewe!" Chewa akafoka, huku akijizuia kucheka. "Unangoja nini? Kuna meli nyingine inaingia. Nenda kaichungulie!"

Basi wanangu, anayeiona balaa ingali changa na kuitangaza, msimcheke kwa udogo wake.