Msumari na Mwezi wa Idd

"Mlenga mwezi hajaribii ukutani." Mmeisikia jana ikisemwa juu ya yule aliyejigamba kwamba mtaani hapa hakuna wa kumshinda mbio, akaenda wilayani akafika wa mwisho. Mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii haikudondoka kutoka mbinguni. Ilizaliwa Kwemtindi, kijiji cha milimani Usambara, na aliyeizaa kwa aibu yake alikuwa mwalimu wa hesabu.

Kwemtindi ina mitaa miwili, Juu na Chini. Watu wa Juu walifunga na kufungua kwa tangazo la redio. Watu wa Chini waliamini macho yao tu. Mwaka mmoja ubishi uliwaka hata Idd ikasaliwa siku mbili. Mzee Shekiondo wa Juu alikuwa amemwoza binti yake, Mwanahawa, kwa Mwalimu Mbaruku wa Chini. Siku ya Idd ya Chini, mzee akiwa bado na saumu yake, Mbaruku alisema mbele za watu, "Anayengoja redio imwambie mwezi umeandama, angoje pia imtafunie pilau."

Maneno yalipanda mlima upesi kuliko mbuzi. Tangu siku hiyo Mzee Shekiondo hakukanyaga nyumba ya mkwewe, wala hakuonja chakula cha binti yake.

Mbaruku alikuwa na kiburi, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Kila Ijumaa alimwona mkewe akipakua sahani ya baba yake, akiitazama, kisha akiirudisha sufuriani. Jambo hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kuomba radhi hakukujua, hesabu alizijua. Akaagiza darubini kutoka mjini, akawaita wazee wa mitaa yote miwili, wakaafikiana: jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, mzee mmoja wa Juu na mmoja wa Chini watatazama. Wakiuona wote wawili, Idd ni moja. Mmoja asipouona, kila mtaa na njia yake. Chini wakamtoa Mzee Mahimbo. Juu wakamtoa Mzee Shekiondo mwenyewe.

Darubini ilifika zimebaki siku mbili. Mbaruku aliiunga uani mlango ukiwa umefungwa, maana hakutaka mtu aione kabla ya siku yake. Akasimamisha miguu mitatu, akaweka bomba kubwa juu yake, na juu ya bomba hilo akafunga darubini nyingine ndogo, ya kulengea, yenye nyuzi mbili zilizokingamana ndani. Kazi ya ile ndogo ni kukitafuta kitu. Kikikaa penye makutano ya nyuzi, kubwa nayo iwe inakitazama kitu hichohicho. Zisipopatana, zina skrubu tatu za kuzipatanisha.

Mbaruku alichagua msumari uliokuwa kwenye ukuta wa jiko, hatua kumi kutoka alipokaa. Akautafuta ule msumari kwa bomba kubwa mpaka ukaonekana mnene kama nguzo, akakaza skrubu hadi nyuzi za ile ndogo nazo zikaangukia papo hapo. Akajipongeza kwa sauti.

Mwanahawa alikuwa anachambua mchele. "Baba Sauda, mwezi uko jikoni kwangu?"

"Unasemaje?"

"Nasema kipeleke hicho chombo ukingoni mwa mlima sasa hivi, mchana, ukielekeze kule Upare. Huko ndiko mwezi utakakokuwa."

"Nikipeleke watu wakichezee? Mama Sauda, kilichonyooka kwa msumari kimenyooka kwa mwezi. Hesabu nilisoma mimi."

"Haya, mwalimu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Jioni ya ishirini na tisa kijiji kizima kilikusanyika ukingoni, pale mlima unapokatika na nchi tambarare inaanza chini kabisa, na milima ya Upare iko mbali ng'ambo. Jua lilikuwa halijazama bado. Mzee Shekiondo, aliyekuja bila kumsalimu mtu wa Chini, alikiendea kile chombo na kuinama ili atazame.

"Hapana!" Mbaruku akaruka, akamshika mkwewe bega na kumvuta nyuma.

Mtu hamgusi mkwewe, sembuse kumvuta.

"Jua bado lipo, mzee," akasema Mbaruku. "Ukilitazama humu linakuchoma jicho, huoni tena maisha yako yote."

Mzee Shekiondo alirekebisha kanzu yake.

Jua lilizama. Wakafungua kwa tende na maji, wakasali Magharibi juu ya mikeka, wakainuka upesi. Mwezi mchanga haukai. Mbaruku alikuwa amepiga hesabu kwamba baada ya sala utabaki na robo saa juu ya milima. Mzee Mahimbo, mwenye macho ya kipanga, akanyoosha kidole. "Ule pale! Mwembamba kama ukucha. Kushoto kwa taa nyekundu ya ule mnara wa simu kule Upare."

Wa Chini wakaitikia takbira. Wa Juu wakakunja mikono. Walikuja kuoneshwa, si kuambiwa.

Mbaruku aliinama kwenye ile ndogo. Mwezi huo hapo, penye makutano ya nyuzi, mzuri ajabu. Akahamishia jicho kwenye kubwa.

Hakuona kitu. Rangi ya majivu tu.

Akarudi kwenye ndogo: mwezi upo. Kwenye kubwa: majivu. Akasukuma bomba kidogo kulia, likaruka mno. Akalirudisha, miguu mitatu ikatikisika. Jasho lilimwingia jichoni.

"Mwalimu, umeuficha mfukoni?" akauliza Saguti, mchinjaji wa Juu, na watu wakacheka.

"Tulia, Saguti," Mzee Mahimbo akamkemea. "Mwalimu, unateremka huo. Fanya haraka."

Dakika tano zilikwisha. Mbaruku alihisi macho ya mkewe mgongoni. Kisha akaukumbuka ule msumari. Yale mabomba mawili yametengana kwa upana wa kiganja. Aliyaelekeza yakutane hatua kumi mbele, na kweli yalikutana hapo. Mistari miwili ikishakutana hupishana, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyoachana. Hilo aliwafundisha watoto wa darasa la sita kila mwaka! Hata ukali wa kioo, ule wa kuona kitu wazi kwa umbali wake, alikuwa ameuacha kwenye msumari, ndiyo maana mwezi, hata kama ungepita mbele yake, ungekuwa moshi tu.

Kulikuwa na njia mbili: kuendelea kupapasa na kulaumu mawingu, au kusema.

"Nimekosea," akasema.

"Sema kwa nguvu, redio haijashika!" Saguti akapaza sauti.

"Nimekosea! Niliijaribia ukutani. Nipeni muda."

Akatoa lenzi ya kukuza sana, akaweka ile inayoona eneo pana. Kisha akauacha mwezi, akaielekeza darubini kwenye taa nyekundu ya mnara, kitu cha mbali kisichosogea.

"Mwezi uko kushoto, yeye anatazama mnara!" watu wakapiga kelele. "Ameshikwa na wazimu!"

Hakugeuka. Akaitafuta taa kwa bomba kubwa, akazungusha gurudumu la ukali mpaka ikawa nukta kali, kisha akaanza skrubu za ile ndogo. Moja. Ya pili. Vidole vilikuwa vinateleza. Ya tatu. Nyuzi zikaangukia juu ya taa. Akaizungusha darubini hadi kwenye mwezi, akatazama katika kubwa, na mwezi ulikuwa humo.

"Mzee Mahimbo!"

Mahimbo akainama. "Allahu Akbar! Mbona pembe zimeelekea chini?"

"Kioo kinapindua, mzee. Toka, toka! Mzee Shekiondo, tafadhali."

Mzee Shekiondo alikuja kwa mwendo wake, si wa haraka wala wa pole. Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Unaona nini, mzee?"

"Naona mgongo wa mlima."

Mbaruku akatazama mwenyewe. Milima ya Upare ilikuwa imeumeza mwezi.

"Baba," akasema Mwanahawa kutoka nyuma, kwa sauti ndogo.

Mzee alijua kinachoombwa. Neno moja tu lingetosha, na nusu ya kijiji ingembariki. Akasimama wima. "Sikuuona, mwanangu. Sitashuhudia nisichokiona."

Usiku ule redio nayo ikasema mwezi haujaonekana. Kesho yake Chini walisali Idd, Juu wakafunga. Mwanahawa alipakua sahani ya baba yake, akaifunika.

Siku ya pili, Idd ya Juu, Mbaruku alipanda mlima peke yake. Alimkuta mkwewe barazani, akasimama mbali na mkeka.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee. Kwa bega. Na kwa maneno ya mwaka jana."

Mzee Shekiondo alimtazama. "Bega halina neno, umeniokolea jicho. Maneno yaliniuma. Ulijilinganisha na nani hata ukajiona umenyooka? Na jirani zako wa Chini, wanaokupigia makofi. Mlenga mwezi, Mbaruku, hajaribii ukutani."

"Ni kweli, baba."

"Mwakani kilete chombo chako ukingoni mchana, siku tatu kabla, nikuone ukikifunga. Sasa vua viatu. Chakula kinapoa."

Mbaruku alikuwa ameshakula Idd yake siku iliyotangulia. Alivua viatu, akanawa, akaila ya pili.

Saguti alikuwa anapita njiani, akayasikia yote, na kabla ya Alasiri kijiji kizima kilikuwa kinayasema. Basi mkimwona mtu anajipima kwa kilicho karibu naye, na anakokwenda ni mbali, mwambieni mapema, kungali mchana: mlenga mwezi hajaribii ukutani.