Kupe na Jicho la Fundi Saa

Mbebwa hujikaza. Maana yake, anayebebwa naye ana kazi yake: kushika. Haya nilisimuliwa na mke wa fundi saa mwezi uliopita, tukikunja vitambaa vya madhabahu baada ya kuvifua.

Mumewe alikuwa fundi wa kutajika, lakini hakuiamini kazi iliyokwisha. Saa akishaifunga, ataifungua tena ahakikishe, hadi vumbi liingie saa igome. Sala zake zilikuwa vivyo hivyo. Baada ya amina alirudi kumkumbusha Mungu hili na lile.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "unamwomba Mungu au unamwelekeza?"

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Sasa hili la kulia, lililolisha nyumba nzima, likaota mtoto wa jicho. Alipelekwa kupasuliwa, jicho likatiwa ganzi naye mwenyewe akijitambua. Daktari alipoinama tu, fundi akageuza kichwa aone anafanyiwa nini. Daktari akaweka vifaa chini.

"Mzee, rudi Alhamisi. Ukitikisika tena sitaligusa. Nisije nikakupofua."

Jumatano jioni fundi aliketi kibarazani, roho juu juu. Kwa ukungu wa jicho lile alimwona binti yake akija, mwanawe mgongoni, akivuka ubao uliolazwa juu ya mtaro. Mtoto huyo wa miaka minne walimwita Kupe kwa jinsi alivyong'ang'ania. Ubao ukanesa. Walipofika karibu, fundi akaona Kupe kafumba macho, mikono imekaza mabegani mwa mamaye.

"We Kupe, huogopi kuanguka?"

"Mama ndiye anatembea, babu."

"Na wewe kazi yako nini?"

Kupe alimtazama kama mtu aliyeuliza maji yanalowesha nini. "Si nashika!"

"Mbona hutazami njia?"

"Juzi nilichungulia, mama akayumba. Akanigombeza."

Fundi akampokea Kupe, akampakata. Neno la Bwana la kuwa kama watoto wadogo alikuwa amelisoma kanisani miaka nenda rudi, akidhani linawahusu watoto.

Alhamisi alilazwa mezani. "Baba, nashika," akasali, mara moja tu. Ulimi ulimwasha kuongeza, akaumeza. Vidole vilikamata kingo za meza, lakini kichwa hakikutikisika wala hakuchungulia.

"Tumemaliza, mzee," daktari akasema. "Nani kakufunza kutulia hivi?"

"Kupe."

Daktari akageuka haraka kukagua mashuka.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, fundi aliitazama saa ya ukutani, kisha akamwambia daktari, "Hii yako inachelewa dakika nne."

Jioni hiyo Kupe alisinzia kifuani pa babu yake, kamshika ukosi wa shati. Mama yake naye akajilaza. Fundi akafunga mlango, Kupe angali kifuani, akarudi kuketi. Mkewe akangoja ainuke kulikagua komeo mara ya pili na ya tatu, kama desturi yake. Hakuinuka.

"Leo hukagui?"

"Nimeshafunga, mama watoto. Lala."

Mkewe akalala. Fundi akafumba macho yote mawili, lililokufa na lililopona, akasema amina moja, asirudi nyuma. Usingizi ukamchukua, naye ndiye wa mwisho kulala katika nyumba ile, mkono wake ungali umeshika mguu wa Kupe. Kweli, mbebwa hujikaza.