Boksi Lililozimwa Lisiishe

Isome pole pole, kisha mtumie jirani yako mmoja.

Kijiji kimoja cha milimani kilijijengea mtandao wake. Watu walisimamisha mlingoti kwenye zahanati, wakafunga maboksi mapaani, kila nyumba ikiirushia mtandao ile iliyo chini yake. Mtandao wote wa bondeni ulipitia paa la Bi Nakiete. Huko bondeni simu za kawaida hazikushika.

Fundi aliyeyafunga maboksi alimwomba tu asilizime boksi lake.

Binti yake wa pekee, Namsifu, aliolewa bondeni na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Kila siku saa kumi jioni walizungumza kwa video. Bi Nakiete aliishi kwa ajili ya saa hiyo.

Siku moja picha ikaganda.

"Ni vijana wa bondeni," akamlalamikia jirani yake, Mama Sefania. "Wanaangalia mpira kutwa. Watanimalizia mtandao, nitamwonaje mwanangu?"

"Si ulizime, mwenzangu! Mimi hata redio naitoa betri nikienda shamba."

Wakacheka.

Kesho yake asubuhi Bi Nakiete akachomoa waya, kama mtu anayefunika mboga ibaki ya jioni. Akaenda kupalilia tangawizi. Saa kumi alipochomeka, picha ilikuwa safi. Akaamini amepata dawa, akawa anafanya hivyo kila siku.

Siku ya nne alichomeka waya, akakaa, akafuta udongo mikononi. Simu ikalia mfululizo. Zilikuwa jumbe za Namsifu, zilizokwama tangu asubuhi.

"Mama, ni saa tatu. Natokwa na damu. Nesi simpati."

"Saa tano. Mume wangu na vijana wote wako gulioni. Mwambie nesi aje."

"Saa saba. Wazee waliobaki wamejaribu kunibeba, mlima umewashinda."

"Mama, uko wapi?"

Bi Nakiete alikimbia peku hadi zahanati. Nesi aliteremka na begi lake, akamkuta Namsifu hai. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Baada ya maziko fundi alikuja kuliangalia boksi. Bi Nakiete akamweleza kila kitu, hata habari ya redio.

"Bibi," fundi akasema kwa sauti ya chini, "hii si bando. Watu wakizidi kasi hupungua, wakitoka hurudi. Mtandao huu hauishi."

"Nilikuwa namwekea mwanangu."

Nesi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema, bila hasira:

"Siku ile sikuwa na mgonjwa hata mmoja. Nilishinda nimekaa, simu iko mkononi."

Funzo: Mtandao wa jamii haumalizwi na jirani anayeutumia. Unakatika pale mmoja wetu anapoufungia kwake, na huwezi kujua ni nani aliyekuwa anakuita kutoka upande wa pili. Ulichopewa ukipitishe kwa wengine, kiache kipite.