Pimbi Alivyopima Pango la Chui

Paukwa.

—Pakawa.

Pakawa na nini?

—Pakawa na pango.

Lina vyumba vingapi?

—Inategemea anauliza nani.

Ahaa, kumbe nyinyi mmeshapangisha mjini. Basi sogeeni. Aliye karibu na mlango auegeshe, maana hadithi ya leo ina meno.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, mvua iligoma. Mto ukawa tope, tope likawa vumbi. Wanyama wakaamua kuchimba kisima. Nani achimbe? Wakasema kila mwenye nyumba atachimba kwa kadiri ya nyumba yake. Chumba kimoja, siku moja. Vyumba viwili, siku mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yao ya majengo. Ikafunguliwa na ofisi ya kuthamini nyumba, yenye daftari moja kubwa na kamba moja ndefu.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa hivi. Mkuu wa ofisi hatumi mtu, huenda mwenyewe. Mwenye nyumba hushika ncha ya kamba pale mlangoni. Mkuu wa ofisi huingia na ncha nyingine mpaka chumba cha mwisho. Hukohuko ndani husoma kwa sauti alichoandika, na mwenye nyumba akikubali, hupiga unyayo kwenye daftari.

Utaratibu mzuri kabisa. Ulikuwa na kasoro moja tu: pango la Chui. Vyumba saba, mlango mmoja.

Mkuu wa kwanza wa ofisi alikuwa Digidigi, mkweli wa kuzaliwa. Akaingia pangoni, tiki tiki tiki, akapima, akasoma, "Vyumba saba, siku saba."

Chui akauliza kutoka mlangoni, "Ngapi?"

"Saba."

Kamba ikavutwa. Vuu. Kisha kimya. Daftari lilikutwa vichakani. Digidigi hakukutwa.

Mkuu wa pili alikuwa Kanga, mjanja wa kusoma nyuso. Akaingia, chaka chaka chaka, akapima, akasoma, "Chumba kimoja, siku moja."

Chui akauliza, "Ngapi?"

"Moja tu, Mheshimiwa."

"Moja ya kuchimba? Mimi, na kucha hizi?"

Kamba ikavutwa. Vuu. Kimya. Daftari likakutwa vichakani, na safari hii lilikuwa na unyoya.

Kikaitishwa kikao. Na kikao cha wanyama kilikuwa na mambo matatu: salamu, chakula, na Mengineyo. Chui alifika kwenye salamu, akala cha kwake na cha jirani, akajilamba, akaenda zake. Ndiyo desturi yake. Tangu azaliwe hakuwahi kuyasikia Mengineyo.

Na Mengineyo ya siku hiyo yalikuwa mawili. La kwanza, Bibi Tembo alikumbusha kwamba siku ya soko yeye na ukoo wake watapita kwenda kulamba chumvi, kama kila kiangazi. "Nitapitia ofisini kuangalia daftari," akasema. "Sheria ni ileile, nyumba ya mtu hatuikanyagi, ila sasa daftari ndilo litakalosema ipi ni nyumba. Nyumba iliyoandikwa tunaizunguka. Isiyoandikwa, hatuioni."

La pili, atafutwe mkuu mpya wa ofisi.

Wanyama wote wakainamisha vichwa. Nyati alitazama chini kama aliyeangusha sindano. Fisi, ambaye haoni haya kwa lolote, siku hiyo aliona. Mnyama mmoja tu alikuwa ameinua kichwa. Pimbi. Mnyama wa mawe, mfupi, mviringo, kawaida yake ni kuota jua na uso juu. Neno la Bibi Tembo alilisikia, ila hili la pili hakuwa analisikiliza hata.

"Yule aliyeinua kichwa," akasema mwenyekiti. "Hongera, mama."

Makofi yakapigwa. Pimbi naye akapiga, akidhani ni ya mtu mwingine.

Asubuhi ya pili, huyo Pimbi njiani, daftari kwapani, kamba begani. Moyo wake ulikuwa unakwenda du-du, du-du, du-du. Akapita kichaka cha kwanza, akajiambia, nitarudi nyumbani. Akapita kichaka cha pili, akajiambia, nitarudi nyumbani. Kichaka cha tatu hakukiona, maana alikuwa ameshafika.

Chui amelala mlangoni, mkia unapiga vumbi. Pa. Pa. Pa.

"Karibu, mama ofisi," akasema. "Wewe ni wa ngapi sasa?"

"Wa tatu, Mheshimiwa."

"Nilikuwa nimepoteza hesabu. Umekula?"

"Nimekula, Mheshimiwa."

"Vizuri. Sipendi mtu aliyekonda. Lete hiyo kamba."

Chui akashika ncha yake. Pimbi akaingia na ya kwake.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mwanga. Cha pili, mwanga nusu. Cha tatu, harufu. Cha nne, maji yalidondoka mahali asipopaona: to... to... to. Pimbi alitembea huku ameshika ukuta, na ukuta ulikuwa na mikwaruzo ya kucha, mirefu kumzidi yeye mwenyewe.

"Mbona kamba inatetemeka?" sauti ya Chui ikamfuata.

"Ni upepo, Mheshimiwa."

"Upepo ndani ya pango?"

Pimbi akaingia cha tano. Akaingia cha sita. Chumba cha sita mguu wake ulikanyaga kitu, kikasema kwacha. Akapapasa. Pembe ndogo, laini, ya Digidigi. Akarudi nyuma, akakalia kitu kingine, chepesi. Unyoya. Wa madoadoa.

Jamani, mimi ningezimia. Wewe wa nyuma unayecheka, ungefanya jambo ambalo tusingelitaja mbele ya wakwe.

Pimbi akaingia chumba cha saba, akakaa chini. Akafungua daftari kwenye ufa wa mwanga. Saba iliua. Moja nayo imeua. Kila tarakimu ilikuwa na kaburi lake. Imebaki nini sasa?

"Soma," akasema Chui. Na kamba ikakaza kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango.

Hapo, katikati ya hofu ile, Pimbi akayakumbuka Mengineyo.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama sindano, "kabla sijasoma, nikuulize. Ofisi yetu haiandiki chumba mpaka mwenyewe aseme ni chumba. Hiki cha kwanza, hapo ulipo, ni chumba?"

Mkia ukaacha kupiga vumbi. "Nikisema siyo?"

"Naandika siyo."

To... to... to.

"Siyo chumba," akasema Chui. "Ni ufa."

"Nimeandika, ufa. Cha pili?"

"Cha pili ni kivuli tu."

"Kivuli. Cha tatu?"

"Hapo mwamba ulipiga miayo, ukasahau kufunga."

"Cha nne, chenye maji?"

"Ni jicho la mlima. Linalia. Mambo ya kifamilia."

Cha tano kikawa shimo la mchwa. Cha sita, Chui akasema ni makaburi ya jumuiya, na Pimbi akaandika hivyohivyo. Cha saba, alimokaa Pimbi, Chui akasema hakijui, hajawahi kukiona.

"Na mlango, Mheshimiwa?"

"Mlango upi?"

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mimi napita tu."

"Kwa hiyo nauliza mara ya kwanza. Hapa pana nyumba ya Chui?"

"Hapana."

"Mara ya pili. Hapa pana nyumba ya Chui?"

"Hapana."

"Mara ya tatu, Mheshimiwa. Fikiri kwanza. Hapa pana nyumba?"

"We bibi mfupi, una masikio ya nini? Hapana nyumba, hapajawahi kuwa na nyumba, na atakayesema ipo nitamla."

Pimbi akatoka cha saba, cha sita, cha tano, akirudi alikotoka, mpaka mbele ya yale macho ya njano. Akaweka daftari chini. Chui akapiga unyayo wake. Pwa. Wino ukaruka hadi kwenye pua ya Pimbi.

"Siku zangu za kuchimba ni ngapi?"

"Hakuna hata moja, Mheshimiwa."

Chui akacheka mpaka popo wakahama. "Ona sasa. Kumbe ofisi inaweza kuongozwa. Wale wenzako walikuwa wajinga." Kisha akaacha kucheka, akanyoosha kucha moja baada ya nyingine, kwaru, kwaru, kwaru. "Sogea basi, nikushukuru."

Pimbi akayaona meno. Akayaona yote, mpaka ya nyuma, na kwenye moja palikuwa na kiunyoya.

"Nishukuru, Mheshimiwa," akasema. "Ila daftari lisipofika ofisini na mimi nikiwa nimelibeba, itabidi wateue mwingine. Naye atakuja na kamba, ataanza upya kutoka cha kwanza. Na pengine atakuwa mkweli."

Chui akakunja uso. "Wakweli wana mifupa mingi," akasema. Akafikiri. Akafikiri tena. Uvivu na tumbo vikashindana, na uvivu ukashinda. "Nenda. Kimbia kabla sijajua nimekusamehe."

Pimbi akakimbia. Nyuma yake ukucha ukapita, fyaa, na mkia ukabaki pangoni.

"Huo wa usumbufu," akasema Chui.

Siku ya soko, saa sita ya mchana, ardhi ikaanza kuguna. Ndi. Ndi. Ndi. Bibi Tembo akainamisha kichwa kwenye mlango wa ofisi, na chumba chote kikawa giza.

"Shikamoo, bibi," akasema Pimbi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mkia uko wapi?"

"Kikazi, bibi."

"Pole. Hebu nisomee. Pango la Chui tunalizunguka kushoto kama siku zote?"

Pimbi alijua akishasoma, hakuna kufuta. Chui akinusurika, atamtafuta maisha yake yote. Akasoma, "Hapo hapana nyumba, bibi. Ni ufa, na kivuli, na mwamba uliopiga miayo. Mwenyewe amepiga unyayo."

Bibi Tembo akautazama unyayo. Akautazama na mkia usiokuwepo. "Miaka yote tulizunguka bure," akasema.

Chui alikuwa amelala chumba cha saba. Vumbi likamdondokea puani. Akafungua jicho moja, akajisemea, ni upepo. Akalifumba. Kisha akafungua yote mawili.

Upepo ndani ya pango?

Ndi! Ndi! Ndi! Cha saba kikaanguka nyuma yake. Cha sita kikaanguka nyuma yake. Cha tano, cha nne, cha tatu, cha pili, Chui mbio, mawe yanamkaba mkia, akachomoka ufa wa kwanza nao ukaanguka, gubi! Akasimama nje, mweupe kwa vumbi kama unga.

"Mnavunja nyumba yangu!"

"Nyumba ipi?" akauliza Bibi Tembo, kwa upole wa kutisha.

Chui akamwona Pimbi juu ya jiwe, daftari mikononi.

"Mama ofisi, nilikuwa natania. Niandike. Siku saba nitachimba. Hata kumi na nne."

"Nitakuandika, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Nionyeshe chumba, nishikie kamba, nikipime."

Chui akageuka kutafuta chumba. Hakukuwa na hata ufa. Akageuka tena kumtafuta Pimbi, na katikati yao ilisimama miguu arobaini ya tembo. Akapanda mti uliokuwa karibu, akala chakula chake hukohuko juu, na mpaka leo hana mlango wala dari.

Pimbi naye mpaka leo hana mkia, na ukimkuta juu ya jiwe lake utaona anageuza kichwa huku na huku. Haoti jua tena huyo. Anahesabu miti.

Na kisima kilichimbwa, ila siku saba za Chui hazikuchimbwa na mtu. Ndiyo maana maji yake yana tope.

Basi, funzo la hadithi hii, mliandike na mkawasomee watoto: semeni ukweli daima, hata mbele ya wakubwa. Digidigi alisema ukweli, na mnaona wenyewe, mpaka leo tunamkumbuka.

Nimefika mlangoni mwa hadithi. Anayebisha apige unyayo. Haya, hadithi yangu ilikuwa na vyumba vingapi?

—Hakuna hata kimoja. Ulikuwa unapita tu.