Uso Uliong'aa Asubuhi ya Kugeuka Sura

Imepokewa kutoka kwa wacha Mungu waliotutangulia kwamba katika milima ya Shamu palikuwa na monasteri yenye shamba la mizabibu, na mtunzaji wake aliitwa Ndugu Barsauma, maana yake mwana wa saumu. Jina hilo tumbo lake halikuwahi kulikubali.

Kanuni ya pale ilikuwa kali: zabibu mpya haziingii kinywani mwa mtu mpaka zibarikiwe siku ya Kugeuka Sura, tunapoadhimisha utukufu wa Bwana uliodhihirika mlimani, uso wake ukang'aa kama jua. Aliyeivunja alinyang'anywa kazi yake, akapelekwa kuchunga punda. Barsauma aliipenda mizabibu yake kupita kiasi, na kuwaogopa punda. Tena kwa miaka thelathini alikuwa amemwomba Mungu amjalie japo chembe ya utukufu ule na, tuseme kweli, alitaka wenzake waione.

Alfajiri ya sikukuu alitumwa kuchuma zabibu za kubarikiwa. Akajiambia ataonja moja tu, maana si adabu kumtolea Mungu kitu kichachu. Ya kwanza ikaita ya pili. Mwishowe akauzamisha uso mzima kwenye vichala, kama mbuzi. Kengele ilipolia, akakimbia kanisani bila kujifuta.

Alipoingia tu, jua lililokuwa linachomoza likapenya dirisha la madhabahuni na kumpiga usoni. Ule uso uliolowa maji ya zabibu ukameremeta. Mtawa mmoja akapiga magoti, wengine wakafuata. Nyuki wawili walipomzunguka kichwa, ndugu mmoja akanong'ona kwamba hata wadudu wanamtambua mtakatifu.

Barsauma alijua vema kilichotokea, akanyamaza. Akainamisha na kichwa kidogo, ili jua limkae vizuri. Miaka thelathini si mchezo.

Ndipo akasogea Bibi Shamuni, mwanamke wa kijiji cha bondeni, aliyekuwa amepanda mlima kwa miguu. Mwanawe alikuwa amepooza, mwaka wa tatu sasa yu kitandani. Akakunjua kitambaa cheupe, akaomba aufute uso ule mtukufu akamfunike nacho mgonjwa. Barsauma aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Akaiwazia mizabibu, akawawazia punda, kisha akaushika mkono wa yule mama.

"Usifute, mama. Hii si nuru. Ni zabibu."

Abba Zenobi, mkuu wa monasteri, aliyesifika kwa saumu zake, akauliza kwa sauti ya kadhi amekula za upande gani. Barsauma akajibu kwamba ni za ukutani.

"Za ukutani bado chachu," akasema mzee. "Tamu ni za kisimani."

Kisha akasikia alichokisema. Akavua kofia yake, akapiga magoti polepole, akamwomba Mungu msamaha mbele ya wote. Wale waliokuwa wamekwisha kupiga magoti hawakuinuka, maana kila mmoja alikuwa na upande wake wa shamba. Hapo wakamwombea mwana wa Shamuni kwa machozi, kama watu wasio na cha kujivunia. Punda nao mwaka ule walipata wachungaji wengi.

Ndugu zangu, Petro naye alipouona utukufu alibwabwaja habari za vibanda, asijue anenalo, na Bwana hakumfukuza mlimani. Utukufu ni wa Mungu. Sisi yatutosha kumwambia kweli mtu anayetutumaini, hata kama midomo yetu bado ina utamu.